Riadha ya Nafsi

Elimu na hekima ni ndugu wa nyumba moja, lakini si pacha. Elimu huingia kwa jicho na kwa sikio, hukaa katika kumbukumbu, nayo huweza kupimwa kwa mtihani. Hekima haipimwi hivyo. Hiyo hujulikana kwa namna mtu anavyokaa na jirani yake, anavyopokea habari mbaya, anavyotumia mamlaka akiyapata, na anavyoyaacha yakimtoka. Mtu aweza kuwa na elimu nyingi akakosa hekima, na kila mji una mfano wake. Aweza pia kuwa na hekima naye hajui kuandika jina lake. Ikiwa mambo ni hivyo, hapana budi tuulize: hekima hupatikana kwa njia gani? Je, mtu huzaliwa nayo, hufunzwa, au huipata kwa mazoezi?

Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa miaka mingi, lakini swali hili halikunijia kwanza kutoka vitabuni. Lilinijia kwa sababu ya jina. Tangu nilipopata shahada ya udaktari majirani wa mtaani kwetu huniita Daktari, na baadhi yao hubisha hodi usiku kuniomba dawa ya homa au kunionyesha mguu uliovimba. Huwaeleza kwa adabu kwamba udaktari wangu ni wa vitabu. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Basi, mwanangu, wewe unamponya nani?” Hakukusudia kunidhihaki. Aliuliza kama mtu aulizavyo bei ya kitu asichokijua. Nilimjibu kwa heshima, akaenda zake. Swali lake lilibaki.

Jibu lililonitosha zaidi kuliko mengine nililikuta kwa mtu wa mbali. Aliitwa Philo, Myahudi wa Iskandaria katika nchi ya Misri, aliyezaliwa takriban mwaka 20 kabla ya Kristo na kufariki karibu na mwaka 50 baada yake. Mji wake ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya dunia ya wakati ule, na Wayahudi wengi walikuwa wakikaa humo. Lugha yao ya nyumbani na ya sokoni ilikuwa Kiyunani, na Sheria ya Musa waliisoma katika tafsiri ya Kiyunani iliyoanza kufanywa huko huko Misri katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Jamaa zake walikuwa matajiri. Ndugu yake Alexander alitoa dhahabu na fedha za kuifunika milango ya Hekalu la Yerusalemu. Philo mwenyewe alipenda vitabu. Aliwasoma Plato na Wastoiki, lakini aliamini kwamba wanayoyatafuta wanafalsafa yamo ndani ya Torati kwa yule anayejua kuyachimbua. Kwake visa vya Ibrahimu, Isaka na Yakobo vilikuwa habari za mababu, na tena vilikuwa ramani ya safari ya nafsi ya kila mtu.

Wayunani walikuwa na neno askesis. Kwanza walilitumia kwa mazoezi ya wanamichezo: wapiganao mieleka, wakimbiao, watupao kisahani. Baadaye wanafalsafa walilichukua wakalitumia kwa mazoezi ya nafsi. Sisi tuna neno riadha, tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo kwetu ni mbio, miruko na mitupo. Lakini katika Kiarabu chenyewe neno hilo halikukoma uwanjani, maana wanazuoni na masufi walilitumia pia kwa malezi ya nafsi. Lugha mbili zisizo na ukoo mmoja zimekutana katika fikira moja, kwamba nafsi hufunzwa kama mwili: kwa kurudia, kwa kuchoka, kwa kuanguka na kuinuka tena. Hakuna aliyepata nguvu za miguu kwa kusoma kitabu juu ya mbio.

Philo alimpa Yakobo cheo cha mfanya mazoezi. Katika maelezo yake mababu watatu ni njia tatu za kuufikia wema. Ibrahimu ni yule anayefika kwa kufundishwa. Aliiacha nchi ya Wakaldayo na elimu yake ya nyota, akahama kutoka jambo moja la kujifunza hata jingine. Isaka ni yule aliyepewa wema kwa maumbile, wala hakuutokea jasho. Yakobo ni yule anayefika kwa kushindana. Alikimbia, alitumika miaka mingi, alidanganywa katika ujira, akalala jangwani na jiwe chini ya kichwa, na usiku mmoja alipigana mieleka mpaka alfajiri. Philo hakuwatenga watatu hawa. Alisema kwamba kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya wenzake, kwa kuwa mafunzo hayakamiliki pasipo maumbile na mazoezi, wala mazoezi hayana msingi pasipo maumbile na mafunzo. Kila mmoja ameitwa kwa kile kilichozidi ndani yake.

Nimelipenda fundisho hili kwa sababu linawapa matumaini walio wengi. Akina Isaka ni wachache duniani. Na hata mafunzo ya nyumba njema hayatoshi peke yake. Philo alikuwa na mpwa aitwaye Tiberius Julius Alexander, mtoto wa yule ndugu yake tajiri, kijana mwenye akili ambaye mjomba—au tuseme baba yake mkubwa au mdogo, kwa desturi yetu—alimtia katika kitabu cha majadiliano juu ya akili za wanyama. Kijana huyo aliacha mila za wazee wake, akapanda vyeo katika serikali ya Roma mpaka akawa liwali wa Misri. Na katika mwaka 66, ghasia zilipozuka Iskandaria, ni yeye aliyewaamuru askari kuingia mtaa wa Wayahudi, na watu wengi mno wakauawa. Ukoo ulikuwa mmoja, na elimu haikupungua. Hekima hairithiwi kama shamba.

Kisa kingine alichokifasiri Philo kinatugusa sisi wa vyuoni moja kwa moja. Sara alikuwa hazai, akampa Ibrahimu mjakazi wake Hajiri. Philo alisema kwamba Sara ni wema na hekima, na Hajiri ni masomo ya awali: sarufi, jiometri, elimu ya nyota, ufasaha wa maneno na muziki. Sara si tasa kwa asili yake. Ni sisi ambao hatujawa tayari kuzaa naye. Kwa hiyo mtu huanza kwa mjakazi. Philo hakuyadharau masomo hayo. Alieleza jinsi yeye mwenyewe, katika ujana wake, alivyokaa na sarufi, yaani kusoma, kuandika na kuchunguza kazi za washairi. Kisha akakaa na jiometri. Kisha na muziki. Na faida aliyoipata kwa kila mmoja akamletea bibi mwenye nyumba. Lakini alionya kwamba wako watu walionaswa na uzuri wa wajakazi wakamsahau bibi. Mmoja amezeeka katika mashairi, mwingine katika michoro ya jiometri, mwingine katika kuchanganya sauti za muziki, wala hawakuweza tena kupanda juu.

Mimi ni mmoja wa hao wanaokaa na sarufi na mashairi. Nimetumia miaka kuhesabu mizani na kupanga ngeli, na sioni aibu juu yake, kwa sababu mjakazi mwema ni mwema. Hata hivyo onyo la Philo ni la haki kwetu sote. Mwanafunzi aweza kueleza vina vya utenzi mzima unaohimiza subira, na huku akamtukana mwenzake kwa kiti cha maktaba. Mwalimu naye aweza kuandika makala kumi juu ya maadili katika fasihi na asijue jina la mfagiaji wa ofisi yake. Makosa hayo si ya utenzi wala ya makala. Ni kwamba elimu imefika mlangoni, ikaketi, ikadhani imeingia ndani.

Basi mtu aingie namna gani? Hapa ndipo Philo anapokuwa mwalimu wa vitendo. Katika vitabu vyake viwili, kimoja juu ya mrithi wa mambo ya Mungu na kingine juu ya mafumbo ya Sheria, aliacha orodha mbili fupi za mazoezi ya nafsi. Orodha ya kwanza inataja kutafuta, kuchunguza kwa makini, kusoma, kusikiliza, kuwa macho juu ya nafsi, kujitawala, na kutoyajali mambo yasiyo na uzito. Ya pili inataja kusoma, kutafakari, kuyatibu maradhi ya nafsi, kuyakumbuka yaliyo mema, kujitawala, na kutimiza wajibu. Mwanachuoni wa Ufaransa, Pierre Hadot, aliyefariki mwaka 2010, alizitegemea sana orodha hizi mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alionyesha kwamba kwa watu wa kale falsafa ilikuwa hasa namna ya kuishi, na kwamba maneno yao mengi hayaeleweki mpaka tujue mazoezi yaliyokuwa nyuma ya maneno hayo.

Tuzitazame orodha hizo kwa utulivu. Kusoma kumo katika zote mbili, na kujitawala pia kumo katika zote mbili. Yaani yule asomaye bila ya kujitawala amefanya nusu ya zoezi, na yule anayejitesa kwa njaa bila ya kusoma amefanya nusu nyingine. Tena hakuna hata jambo moja katika orodha hizo ambalo lahitaji mali, cheo, au mahali maalumu. Kusikiliza hakuna gharama. Kuyakumbuka mema hakuna gharama. Ugumu wake uko mahali pengine: ni mambo yasiyokwisha. Mtu hawezi kusema kwamba amemaliza kusikiliza kama asemavyo kwamba amemaliza kidato cha nne.

Mazoezi haya hayakuwa ya wateule tu. Kwa Philo siku ya saba ilikuwa shule ya watu wote. Alieleza kwamba siku ya Sabato, katika kila mji, nyumba za mafundisho zilifunguliwa kwa maelfu. Watu waliketi kwa taratibu na kimya, masikio wazi, na mmoja mwenye ujuzi akasimama kueleza lililo bora na lenye kuwafaa maishani. Mafundisho yale mengi, alisema, yalikusanyika chini ya vichwa viwili: wajibu kwa Mungu, ambao ni uchaji na utakatifu, na wajibu kwa watu, ambao ni upendo na haki. Sabato, kwa hesabu hiyo, haikuwa siku ya uvivu. Mwili ulipumzika ili nafsi ifanye kazi yake.

Wako lakini waliotaka siku zote saba ziwe hivyo. Karibu na ziwa Mareotis, nje ya Iskandaria, palikuwa na jamii ya wanaume na wanawake wa Kiyahudi ambao Philo aliwaandikia kitabu kizima cha sifa. Waliwaachia jamaa zao mali yao, wakaenda kukaa juu ya kilima kidogo chenye upepo mwema. Nyumba zao zilikuwa za kawaida kabisa, hazikubanana kama za mjini wala hazikuachana mno, ili wapate upweke na pia wapate kusaidiana wakivamiwa na wanyang’anyi. Kila nyumba ilikuwa na chumba kitakatifu ambamo hakikuingia chakula wala kinywaji, ila Sheria, maneno ya manabii na nyimbo za sifa. Waliomba mara mbili kwa siku, jua likichomoza na jua likizama. Na muda wote wa kati walisoma na kutafakari. Hawakuonja kitu kabla ya magharibi, na baadhi yao walisahau kula hata siku ya tatu. Chakula chao kilikuwa mkate na chumvi, na maji ya chemchemi. Aliyetaka anasa aliongeza majani ya hisopo.

Siku ya saba walikutana, wanaume upande huu na wanawake upande huu, kati yao ukuta wa dhiraa tatu au nne, kiasi cha kuhifadhi staha bila ya kuizuia sauti ya mwalimu. Na katika karamu yao kuu hapakuwa na mtumwa wa kuwahudumia, maana waliona kwamba kumiliki watumwa ni kinyume cha maumbile, kwa kuwa maumbile yamewazaa watu wote huru. Vijana walihudumu kwa hiari kama watoto kwa wazazi. Baada ya chakula waliimba usiku kucha, kundi la wanaume na kundi la wanawake, kisha makundi mawili yakawa moja, kwa mfano wa Musa na Miriamu kando ya Bahari ya Shamu. Kulipopambazuka waligeukia mashariki, wakainua mikono, wakaomba siku njema, kisha kila mmoja akarudi chumbani kwake kuendelea na zoezi lake.

Jina lao lilitokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana mbili, kuhudumu na kutibu. Philo alizitoa sababu zote mbili: waliitwa hivyo ama kwa kuwa waliponya nafsi kutokana na maradhi ya tamaa, huzuni na hofu, ama kwa kuwa walimhudumia Yeye Aliyeko. Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita hapo bila ya kusimama. Kiswahili kina neno linalofanana nalo, nalo ni kuuguza. Neno hilo limetoka katika kuugua. Maana yake ni kumtunza anayeugua. Halimwahidi mtu kupona, bali lamwahidi kwamba hataachwa peke yake.

Naandika hivi kwa sababu neno hilo nililijua kwa mikono kabla ya kulitafakari. Miaka michache iliyopita mama yangu alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia, na ulimi wake ukawa mzito. Sisi watoto wake tuligawana zamu, na zamu yangu ilikuwa ya usiku. Ilinipasa kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, kumlisha uji kwa kijiko, na kungoja maneno yake. Neno moja lilimchukua muda mrefu kulitoa, na mara nyingi halikuwa lile alilolikusudia. Ilibidi kungoja tena. Nilikuwa na kitabu cha Philo kando ya taa. Nilikuwa nikikisoma kwa ajili ya mhadhara. Lakini zamu zile zilinifasiria orodha zake kuliko fasiri yoyote niliyoisoma. Kusikiliza, ambako mchana chuoni ni neno la kawaida, usiku ule kulikuwa ni kazi ya misuli yote. Kujitawala kulikuwa ni kutomalizia neno la mama kwa niaba yake, hata nilipodhani nimelijua. Kuyakumbuka mema kulikuwa ni kumkumbuka alivyokuwa akicheka, ili anayelala mbele yangu asigeuke kuwa mzigo machoni pangu. Na kutimiza wajibu kulikuwa ni saa nane za usiku, na tena saa kumi.

Mama aliishi miezi 14 katika hali hiyo, kisha akafariki kwa utulivu asubuhi moja, wote tukiwapo. Sisemi kwamba nilitoka pale nikiwa na hekima. Nasema tu kwamba niliona mahali ambapo hekima hufanyiwa kazi, nami sikupaona maktabani.

Philo naye aliliona jambo hili, na ndiyo maana nampenda zaidi kwa ukweli wake kuliko kwa elimu yake. Baada ya kuwasifu wale wa ziwani, mtu angetazamia aseme: twendeni huko. Mahali pengine, hata hivyo, alieleza habari zake mwenyewe: kwamba mara nyingi aliwaacha jamaa na marafiki akaenda upweke ili apate kutafakari jambo lipasalo, wala hakufaidi chochote, kwa kuwa akili yake ilitawanyika au iliumwa na tamaa; na kwamba wakati mwingine, katikati ya umati wa watu, alipata utulivu kamili. Akakata shauri kwamba si mahali pabebapo wema au ubaya. Mungu ndiye aongozaye gari la nafsi apendako. Tena aliwakemea wale wanaoikimbia kazi ya dunia mapema kwa kisingizio cha kumtafuta Mungu. Kwanza, alisema, mjipime katika shughuli za watu: mali, vyeo, karamu. Anayeshindwa kuwa mwema kwa watu atawezaje kuwa mwema kwa Mungu? Hata Walawi walitumika hekaluni mpaka umri wa miaka 50, ndipo wakapumzika.

Kadhalika aliwaonya wale waliosema kwamba, maadamu tumejua maana ya ndani ya Sheria, hatuna haja ya kuitenda kwa nje. Philo, bingwa wa maana za ndani, aliwakatalia. Maana ya ndani ni kama nafsi, na matendo ni kama mwili. Na kwa kuwa mwili ni nyumba ya nafsi, yatupasa kuutunza. Hilo ni neno kubwa. Kujua maana ya saumu hakumfungishi mtu.

Mtihani wa Philo mwenyewe ulikuja uzeeni. Mwaka 38 mji wa Iskandaria uliingia fitina. Umati uliwashambulia Wayahudi, na liwali wa Kirumi, Flaccus, hakuuzuia. Walifukuzwa kutoka majumbani mwao wakasongamana katika sehemu moja ya mji; maduka yaliporwa, sanamu za Kaisari Gaius zikaingizwa katika nyumba zao za ibada, na wazee 38 wa baraza lao wakachapwa viboko hadharani katika ukumbi wa michezo. Watu walimchagua Philo kuongoza ujumbe kwenda Roma. Yeye aliyependa vitabu ilimlazimu kupanda merikebu, kungoja barazani, na kusimama mbele ya kijana mwenye enzi aliyejidai kuwa mungu.

Habari za ujumbe huo Philo aliziandika mwenyewe. Mara ya kwanza walipomwona Gaius karibu na mto Tiber, aliwapungia mkono kwa uso mkunjufu, akawatumia ujumbe kwamba atawasikiliza kesi yao apatapo nafasi. Wenziwe walifurahi wakidhani wameshinda. Philo hakufurahi, na alisema sababu yake ni umri wake na malezi yake. Alikuwa amezoea kutazama jambo mara ya pili. Haya ndiyo matunda ya zoezi la kuwa macho na la kutoyajali yasiyo na uzito: tabasamu ya mfalme ni kitu chepesi. Haukupita muda mrefu, wakapata habari kwamba Gaius ameamuru sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Na alipowakubalia kuwasikiliza, aliwasikiliza huku akitembea katika bustani zake, akiingia nyumba hii na kutoka nyumba ile, akiagiza madirisha na picha, na wao wakimfuata nyuma. Aliwauliza kwa nini hawali nyama ya nguruwe, na waliokuwapo wakacheka. Waliondoka bila ya hukumu, nao hawakujua kama wataishi. Gaius aliuawa mwezi wa Januari mwaka 41, na Kaisari aliyemfuata, Claudius, aliwarudishia Wayahudi wa Iskandaria haki ya kushika mila zao.

Mtu aweza kusema kwamba hekima ya Philo haikuleta ushindi. Upanga wa wengine ndio ulioleta. Ni kweli. Lakini hakuna mahali ambapo Philo aliahidi kwamba mazoezi ya nafsi humshinda Kaisari. Humzuia mtu asishindwe na Kaisari ndani yake mwenyewe: asilewe kwa tabasamu yake, asianguke kwa kicheko chake, wala asiwasahau waliomtuma. Katika kitabu kimoja alilalamika kwamba zamani alikuwa na faragha ya kutafakari, kisha bahari ya mambo ya mji ikammeza. Lakini pale pale alimshukuru Mungu kwamba, ijapokuwa amefunikwa, hajazama kabisa. Bado huinua kichwa mara kwa mara, akafumbua macho ya nafsi, akasoma kidogo, akapumua.

Nadhani hali hiyo ndiyo ya wengi wetu. Hatukai kando ya ziwa. Tuna vikao, madaftari ya kusahihisha, ada za watoto, na wagonjwa nyumbani. Chuo hakiwezi kutoa shahada ya hekima, wala kisijaribu. Lakini chaweza kumzoeza kijana. Katika darasa langu nimeweka sharti moja dogo: yeyote atakaye kumpinga mwenzake lazima kwanza aurudie usemi wa mwenzake, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni wanafunzi hucheka, kisha huchoka, kisha baadhi yao hunyamaza kwa namna mpya. Sijui watakuwa watu gani baada ya miaka 20. Ila kila mara sharti hilo linapotimizwa, hutokea kitambo kidogo ambacho mtu ameiweka kando nafsi yake ili amsikie mtu mwingine. Na kwa kadiri ninavyomwelewa Philo, hicho ni kitambo cha riadha.

Yakobo, asema Philo, alipewa jina jipya baada ya mieleka, na jina hilo alilifasiri kuwa ni mtu amwonaye Mungu. Lakini nyonga yake ilitiwa ganzi, naye akachechemea. Philo aliihesabu ganzi hiyo kuwa sehemu ya tuzo, kwa sababu nafsi iliyopata nguvu yafaa ipunguzwe kiburi. Basi, msomaji, usimtafute mwenye hekima kati ya watembeao kwa maringo. Mtafute kati ya wale waliochoka jana kwa kazi ya kuwatunza wengine na ambao leo alfajiri wameanza tena, wakichechemea.